Kidole Juu ya Simba: Sehemu ya Tisa

Ting!

Hiyo ni fedha. Sarafu za leo ukiziangusha juu ya kioo hulia tak, zikanyamaza kama mtu aliyekemewa. Fedha huimba. Iliimba gizani, ikazunguka, ikazimika polepole, na Peres, aliyekuwa ameinama chini ya kaunta akitafuta taa ya kuchaji, akahisi baridi ikimwingia shingoni.

Msomaji, tulimwacha papo hapo. Stima zimepotea katika jengo zima la viduka huko Ngara. Mawingu ya mvua yameufanya mchana kuwa jioni. Mlango wa kioo umefungwa kwa ndani, na si yeye aliyeufunga.

Ting! Tena.

"Toka huko chini, mama," sauti ikasema. "Mwenyekiti hasalimiwi na mgongo."

Njuguna!

Peres akaipata taa, akaiwasha, akainuka nayo mkononi. Mwanga ulimpata mwanamume mrefu, suti ya kijivu, nywele zimepakwa rangi nyeusi hadi zinang'aa. Vidoleni alikuwa akichezea shilingi ya zamani, ile anayotembea nayo kila mahali, imelika hadi uso wa mfalme umebaki kivuli. Aliirusha, akaidaka.

"Umefunga mlango wangu, Mwenyekiti?"

"Nimefunga sababu ya wezi." Akatabasamu. "Ama kwenu siku hizi hilo neno halitajwi?"

Peres aliiweka taa juu ya kaunta.

Wewe uliyelishika gazeti hili leo kwa mara ya kwanza, sikia kwa ufupi. Mzee Jamleck, mkusanyaji sarafu wa Woodley aliyemfundisha Peres kupima sarafu, aliokotwa chini ya ngazi za nyumba yake, kichwa kimepasuka, trei yake bora ya sarafu imetoweka. Aliyemwokota ni Sifuna, mume wa Peres, fundi wa rangi aliyekuwa akipaka kuta za nyumba hiyo. Polisi walifika wakamkuta amempakata mzee, damu kifuani. Wakachokora ndani ya debe lake la rangi, wakakuta sarafu mbili za mzee zimezama humo. Nani alizitia? Sifuna hakuulizwa. Yuko rumande. Mzee yuko hospitalini, macho yamefumbwa, na tangu siku hiyo hajatamka neno.

Basi huyu Njuguna, mwenyekiti wa chama cha wakusanyaji sarafu, amefuata nini Ngara?

"Nimekuletea kazi," alisema. "Ukiniambia nenda, nitaenda. Lakini nimesikia wakili wa rumande hafanyi kazi kwa maombi."

Akatoa kijaluba kidogo cha mbao, akakifungua, akakisukuma juu ya kaunta.

Peres aliangalia. Moyo wake ukapiga pigo moja kubwa, kama mtu aliyegonga mlango kisha akakimbia.

Florini! Florini ya Afrika Mashariki ya mwaka 1920, mfalme upande mmoja, simba upande wa pili. Hela iliyotumika muda mfupi kabla shilingi haijaiondoa. Wakusanyaji wengi wa Nairobi wamezeeka wakiisikia tu kwa jina.

Mzee Jamleck alikuwa nayo moja. Iliondoka na ile trei.

"Umeipata wapi?" Peres aliuliza.

"Ya babu yangu, Limuru. Ilikuwa kwa sanduku la nguo." Njuguna alijibu haraka, kama mtoto aliyekariri shairi. "Mnunuzi wangu ako ng'ambo. Anataka watu wawili waipime daraja. Mimi wa kwanza. Wa pili alikuwa Jamleck, na Jamleck sasa hivi ni gunia. Kwa hivyo amekubali mwanafunzi wake."

"Gunia?"

"Pole. Ulimi uliteleza."

Akamwangalia Peres machoni bila kupepesa, na hapo ndipo Peres alipoelewa. Huyu hakuja kupimiwa sarafu tu. Alikuja kumpima yeye. Alitaka kujua kama aliwahi kuiona florini ya mzee. Jamleck alikuwa akiwaambia wanachama kwamba haonyeshi mtu hiyo sarafu, na wote walimwamini, Njuguna akiwa wa kwanza.

Lakini Peres alikuwa ameonyeshwa.

"Hakuna picha," Njuguna alisema alipomwona akigusa simu. "Mnunuzi amekataa. Weka hiyo kitu mbali."

Peres akaiweka mbali. Akatandika kitambaa cha mahameli, akanawa mikono kwa maji ya chupa, akaipangusa hadi ikakauka, kisha akaichukua florini kwa ukingo, kati ya ncha ya kidole gumba na ya shahada. Hivyo ndivyo alivyofundishwa. Uso wa sarafu, Mzee Jamleck alikuwa akinguruma, haushikwi! Mtu akishika uso wa sarafu mbele yake, alimfukuza mezani hata kama ni daktari wa meno.

Alianza na ukingo. Meno yake yalikuwa makali bado. Akavuta lenzi, akaja kwa mfalme. Sarafu ni kama kiatu, huisha kwanza pale inapokanyagia. Kwa mfalme huyu ni nyusi, ndevu na lulu za taji. Kwa simba ni bega na manyoya ya shingo. Pale paliposimama juu ndipo mifuko na mikono ya watu hupasaga kwanza.

"Unasemaje?" Njuguna aliuliza. Visigino vya viatu vyake viligonga sakafu.

"Bado sijasema."

Wenzao wa ng'ambo hupima kwa herufi na namba. Jamleck aliwapa wanafunzi wake majina yake mwenyewe. Sarafu iliyolika yote ikabaki kivuli aliita kikongwe. Akapanda: mzee, mtu mzima, kijana. Juu kabisa ni kichanga, sarafu iliyotoka kwenye mashine ya serikali ikalala bila kuonja mfuko wa mtu.

Lulu za taji zilihesabika. Bega la simba lilikuwa limepoteza kidogo tu, kama unga uliopulizwa. Kijana, Peres alijiambia. Kijana mwenye afya.

Akaiinamisha. Taa ikaipiga kwa upande, na mwanga ukazunguka juu ya fedha kama spoki za baiskeli inayoteremka. Mwanga huo hakuna fundi anayeweza kuurudisha. Sugua sarafu mara moja tu, hata kwa kitambaa laini, hata kwa dawa ya meno kama wafanyavyo watu wanaotaka ing'ae, na ule mwanga umekufa. Itang'aa, ndiyo, kama sufuria. Mkusanyaji ataitazama kama unavyotazama maiti aliyepakwa poda.

Akaigeuza kwa simba. Akaiinamisha tena.

Na hapo ndipo alipokiona.

Kivuli cha kahawia, kutoka mgongoni mwa simba hadi kwenye milima iliyo nyuma yake. Ukitazama wima, hukioni. Ukiinamisha, kinatokea, mistari myembamba imejipinda mmoja ndani ya mwingine. Na katikati ya mistari, njia nyeupe imekata mshazari, kama barabara katikati ya shamba lililolimwa.

Kidole gumba! Kidole chenye kovu!

Peres alilijua kovu hilo. Alilitazama kila Jumamosi likimshikia lenzi. Lilikuwa kovu la msumeno, kwenye gumba la kulia la Mzee Jamleck.

Siku moja mzee alimwita pembeni, uso umemwiva kwa aibu, akamwonyesha. Florini aliikuta Riruta, ndani ya kopo la vifungo la mama mmoja aliyekuwa akihama. Alipoiona, alirukwa na akili kwa furaha. Aliinyakua kama mtu anayenyakua biskuti, gumba zima juu ya simba! Jasho la mkono huila fedha kidogo kidogo, kimyakimya, na baada ya miaka kidole kikajitokeza, hakifutiki tena ila kwa kuisugua na kuiua sarafu yenyewe. "Mimi ninayewafokea wote," mzee alisema. "Usimwambie mtu, binti yangu. Watanicheka hadi kaburini."

Peres hakumwambia mtu. Hata Sifuna.

Na sasa kidole hicho kilikuwa kikimtazama, chini ya taa, kimeletwa na mwizi mwenyewe!

"Umekaa sana hapo," Njuguna alisema polepole. "Kuna nini kwa simba?"

Fikiri haraka, Peres. Fikiri!

Apige kelele? Mlango umefungwa, na radi ilikuwa imeanza kunguruma juu ya mabati. Aipokonye akimbie? Atasema mke amemalizia kazi ya mume. Ampigie afisa wa kesi? Afisa huyo wiki iliyopita alimwambia aache kumletea sinema. Amwambie Njuguna kwamba pana alama ya kidole? Kabla ya jioni florini itakuwa imelala ndani ya bakuli la dawa, na pamoja na kidole uhuru wa Sifuna utayeyuka.

Ilibidi iende. Ilibidi iende na huyu huyu mwizi, na ibaki kama ilivyo.

Akaishusha kwenye mahameli. Akavuta pumzi.

"Mwenyekiti, hii imesuguliwa."

Njuguna aliidaka shilingi yake, akaifumba mkononi.

"Rudia."

"Imesuguliwa. Kuna mtu ameisafisha. Pengine nyanya yako, na majivu."

Msomaji, unaweza kumtukania mkusanyaji mama yake akakusamehe. Usimwambie hivyo! Njuguna aligeuka rangi hata ndani ya ule mwanga hafifu. Mishipa ya shingo ikasimama.

"Wewe! Mimi nimeshika sarafu kabla hujajua kujipangusa pua! Mimi nisijue sarafu iliyosuguliwa? Hii ni kichanga!"

"Kichanga? Na bega la simba limepauka hivyo? Nunua miwani, Mwenyekiti. Watu wa umri wako huwa nayo, si aibu."

"Bega ni mashine ilipiga vibaya!"

"Basi mashine ndiyo ilisugua pia."

"Mke wa mwizi wewe!" Mate yalimtoka. "Mume anakula dengu rumande, na wewe unakaa hapa unatukana mali ya watu!"

Neno hilo lilimchoma Peres mahali palipokuwa na kidonda tayari. Lakini hakuyumba. Alikuwa amesikia alichokuwa akikingoja: hasira.

"Kama nimekosea," alisema kwa upole wa kuudhi, "ipeleke Jumamosi mezani. Si ni sheria ya chama? Sarafu iliyobishaniwa inakaa mezani."

Ndivyo ilivyokuwa. Jamleck mwenyewe aliiweka sheria hiyo walipoanza kukutana katika kile chumba cha ghorofani katikati ya mji. Sarafu iliyoleta ubishi huzunguka meza nzima, mkono kwa mkono, taa kwa taa, na kila mwanachama hutaja daraja kwa sauti, akianza mgeni kabisa asije akaogopa kuwapinga wakubwa. Mwenye sarafu hukaa kimya hadi wamalize. Hata mwenyekiti.

Unauona mtego? Njuguna akiisugua sasa, Jumamosi wote wataona mwanga umekufa, na Peres atakuwa amesema kweli. Mwenyekiti atakuwa kichekesho, na mnunuzi wa ng'ambo atakimbia. Kwa hiyo ataitunza kama yai. Hatairuhusu hata ipumuliwe. Na Jumamosi, mbele ya macho ya chama kizima, itainamishwa chini ya taa, na mtu atauliza: hiki kidole cha nani?

"Jumamosi," Njuguna alisema kati ya meno. "Na utakuja. Utasimama, utaniomba msamaha kila mtu akisikia."

"Nitasimama."

"Na baada ya hapo hakuna mtu Nairobi atakuonyesha hata kifungo cha shati."

Akaiinua florini kwa mikono yote miwili, ukingoni, kwa uangalifu wa mtu anayebeba mtoto aliyelala. Wakati huo huo simu yake ikalia juu ya kaunta.

"Bonyeza hapo, weka spika," aliamuru bila kuitazama. "Huoni nimeshika?"

Peres akabonyeza.

"Mwenyekiti! Mwenyekiti, Mungu ni mwema!" Ilikuwa sauti ya mwanamke, inalia na kucheka pamoja. Peres akaitambua. Anita, binti wa pekee wa Mzee Jamleck. "Baba amenifinya mkono! Nimemwita, akafinya! Daktari amesema anaweza kuamka saa yoyote, hata leo!"

Florini ikaanguka.

Ilianguka juu ya mahameli, bila sauti. Njuguna, ambaye hajawahi kuangusha sarafu mbele ya mtu, alisimama na vidole vyake hewani vikiwa bado vimeshika kitu ambacho hakipo.

"Hallo? Mwenyekiti? Uko?"

"Niko, mwanangu." Sauti ilikuwa imebadilika, laini kama mafuta. "Sifa kwa Mungu. Nakuja sasa hivi. Usimwambie mtu mwingine, watamjazia chumba wamchoshe. Sawa, mama?"

"Sawa. Hata sijui tungefanya nini bila wewe."

Simu ikakatika. Njuguna akaiokota florini, akairudisha kwenye kijaluba. Kisha akauinua uso.

"Umesikia nini?"

"Nimesikia Mungu ni mwema," Peres alijibu.

Walitazamana. Njuguna akakaribia hatua, akakaribia nyingine, hadi Peres akasikia harufu ya pipi ya mnanaa kinywani mwake. Mkono wa Njuguna ukapanda polepole kuelekea kwenye taa...

Ngo ngo ngo!

"Peres! Kwani mmejifungia humo mnaombea stima?"

Nzula! Jirani muuza mapazia na mashuka, mwanamke wa Machakos mwenye sauti ya kengele ya shule. Pua yake ilikuwa imebanwa kwenye kioo.

Njuguna akafungua mlango, akampita bila salamu.

"Huyo naye amekulia wapi?" Nzula akasema, akimfuata kwa macho. "Suti yote hiyo na hana hata niaje. Lakini wewe, mbona unatetemeka? Amekushika?"

"Nzula, niangalilie duka."

"Na mvua hii unaenda wapi?"

"Kwa Mzee Jamleck. Kabla huyo hajafika."

Nzula aliacha kutabasamu. Alitaka kuuliza, akauona uso wa mwenzake, akaghairi. "Enda. Mimi nitauza hadi kaunta. Enda!"

Gari la Njuguna lilikwama kwenye foleni kabla halijatoka hata Ngara. Peres alipanda boda, akaupita msururu wa magari, mvua ikimchapa uso kama mchanga. Alimwona kupitia dirisha alipompita, amekaa wima, mkono umekishika kile kijaluba kifuani. Njuguna hakumwona.

Au Peres alidhani hivyo.

Hospitali iliyo pembeni mwa Ngong Road ilikuwa na mwanga, jenereta ikinguruma nyuma ya ukuta. Lakini palikuwa na tatizo jingine, na tatizo hilo lilikuwa limesimama mlangoni mwa chumba cha mzee likiwa na chupa ya chai mkononi. Anita! Anita aliyemwambia mahakamani, mbele ya watu wote, "Mume wako amemuua babangu ila tu Mungu amekataa." Anita akimwona hapa, atapiga mayowe hadi askari wa lango waje.

Peres akajibana nyuma ya nguzo, maji yakimchuruzika. Anita akatazama chupa, akaitikisa. Tupu. Akashuka ngazi.

Peres akaingia.

Vitanda viwili, pazia la kijani katikati. Kimoja kitupu. Kwenye kingine, Mzee Jamleck, mtu aliyekuwa akitikisa chumba kwa sauti yake, alikuwa mdogo kama nguo iliyosahauliwa kwenye kamba. Mrija wa hewa ulipita puani. Peres akauchukua mkono wa kulia. Gumba. Kovu likapita chini ya kidole chake.

"Mzee. Ni mimi, Peres." Alinong'ona hadi midomo ikagusa sikio. "Florini nimeiona. Njuguna anayo. Kidole chako bado kipo juu ya simba, sikumwambia. Nisamehe, nimeisingizia. Nimesema imesuguliwa."

Kitu kikatetemeka kwenye kona ya mdomo wa mzee. Ni kicheko? Ni maumivu?

"Ngoja tu hadi Jumamosi. Usiende popote. Nakuahidi, mzee, itarudi mkononi mwako, na Sifuna atarudi kumalizia ule ukuta wako. Nakuahidi."

Gumba likabonyeza kiganja chake.

Lilibonyeza kwa nguvu! Macho ya mzee yakafunguka kidogo, weupe tu kwanza, kisha mboni, na mboni zile hazikumtazama yeye. Zilitazama mlango. Na zilikuwa na hofu.

Sauti ukumbini.

"...umechoka, mwanangu. Hujala tangu asubuhi."

"Siwezi kumwacha, Mwenyekiti."

"Mimi nitakaa naye. Nenda ukanywe chai, tena uketi chini. Si uliniita ili nikusaidie?"

Hakuna mlango mwingine. Dirisha lina vyuma. Peres akauachia mkono, akapenya nyuma ya pazia, akapanda juu ya kitanda kitupu ili miguu isionekane chini. Akaifumba simu yake ndani ya kiganja ili amrekodi. Skrini nyeusi. Maji ya mvua yalikuwa yameiua.

Mlango ukafunguka. Ukafungwa. Kitasa kikageuka, tek.

Viatu vikaja hadi kitandani. Kiti kikakokotwa.

"Jamleck, Jamleck," Njuguna alisema kwa sauti ya chini. "Kumbe umeamua kurudi."

Kijaluba kikafunguka. Kupitia kitambaa cha kijani Peres aliona tochi ya simu ikiwaka, kisha kivuli cha mkono kikiinamisha kitu kidogo, huku na huku, huku na huku.

"Yule mwanafunzi wako alikodolea simba macho sana. Niliwaza njia nzima. Kwenye foleni mtu hana kazi, anawaza." Kivuli kikainua mkono mwingine, mkono dhaifu wa mgonjwa, kikaugeuza kwenye mwanga. Mwanga ukasimama kwenye gumba. Kisha kicheko kidogo, kikavu, kama karatasi inayopasuliwa. "Wewe! Wewe uliyetufukuza mezani kama mbwa! Kumbe wewe ndiye uliyeweka gumba!"

Mzee akakoroma. Kitanda kikagongagonga.

"Tulia. Na yeye, msichana mjanja, ananiambia imesuguliwa ili nisiisugue. Karibu aniweze. Haki ya Mungu, karibu aniweze. Sasa nikiisugua, nimeumia. Nisipoisugua, kidole kinasema. Lakini kidole hakisemi chenyewe, si ndiyo? Mpaka mwenyewe aamke akisemee."

Peres aliuma mkono wake asipige kelele. Ashuke? Aite? Aruke?

Kisha Njuguna akainuka.

Kiti kikakokotwa tena. Mwanga wa tochi ukashuka sakafuni. Ulisimama mlangoni kwanza. Ukaja taratibu, ukasimama, ukaja tena, kama mtu anayesoma mstari kwa mstari. Ukafika penye pazia, na hapo haukuendelea.

Peres akatazama chini.

Nyayo! Viatu vyake vya mvua vilikuwa vimeacha nyayo za maji kutoka mlangoni hadi kitandani kwa mzee, na kutoka kitandani kwa mzee hadi nyuma ya pazia hili. Kila moja safi, kila kisigino kinasomeka.

Njuguna hakulifungua pazia. Alirudi nyuma, na kivuli chake kikanyoosha mkono juu ya kichwa cha mzee, pale unapopita mrija wa hewa. Vidole viwili vikaushika, kwa wepesi, ukingoni, kama vinavyoshika sarafu.

Aliposema, hakumsemesha tena Jamleck.

"Kaa hapo hapo, Peres, usijisumbue kushuka. Mke wa mshtakiwa, peke yake na mgonjwa, na nyayo zake chumba kizima. Nakuahidi, mbele ya mzee huyu: nitakapofungua mlango huo niite watu, mimi ndiye nitakayelia kwa sauti kuliko wote, na wewe ndiye polisi watakayembeba."